Mshono wa Chumvi

Tunduma, Jumapili, 11 Mei 2025

Shangazi yangu Dina,

Shikamoo. Ningekupigia, lakini simu yako inapata mtandao ukipanda tu kile kichuguu cha nyuma ya kanisa, na jambo hili si la kusemwa mtu akiwa juu ya kichuguu. Tena boksi halipiti kwenye simu. Yonathani dereva amekubali kuyaweka haya maboksi matatu kwenye kiti cha mbele cha Fuso lake, kama abiria. Barua imo ndani ya la juu.

Nimepata shelfu. Kuna supamaketi ndogo hapa njia ya mpakani, ya dada mmoja aitwaye Mercy. Mama yake ni wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, baba yake wa huku. Nilimpelekea pakiti kumi za chumvi ya kikundi chenu. Akaonja, akasema, "Hii chumvi ina adabu, haichomi ulimi." Kisha akanipeleka stoo, akanionyesha chumvi za watu wengine zilizotupwa sakafuni ndani ya viroba. "Mteja hanunui asichokiona," akasema, "na wasichana wangu hawana muda wa kupanga pakiti mojamoja kama wanacheza bao. Niletee chumvi inayojipanga yenyewe."

Nimetembea na maneno hayo siku nne. Chumvi inayojipanga yenyewe. Siku ya tano nilichukua karatasi ngumu pale karakana ya maboksi ninapofanya kazi, nikaanza kukata.

Sasa tazama boksi lenyewe. Linabeba pakiti ishirini na nne za nusu kilo. Njiani ni boksi kamili, limefunikwa pande zote. Likifika dukani, unashika kifuniko kwa mbele, unavuta. Uso wa mbele unang'oka pamoja na kifuniko, pembe mbili zinafuata kwa mshazari, na kinachobaki mikononi ni trei: mbele fupi, nyuma ndefu, pakiti zote zimemgeukia mteja. Ule ukuta wa nyuma uliobaki umesimama ndio wenye jina, CHUMVI YA IVUNA. Msichana analiinua lilivyo na kuliweka kwenye shelfu. Kazi imekwisha. Kisu hakihitajiki, na hilo Mercy alilisema mara tatu, maana kisu huchana pakiti, na chumvi ikimwagika huvuta maji na kuharibu shelfu nzima.

Kwenye haya ya mfano nimekwaruza mstari kwa wembe ili karatasi ijue pa kuchanikia. Yajaribuni.

Mercy anataka maboksi sitini yaliyojaa ifikapo Jumatatu, 16 Juni. Yakifaulu, shelfu ya usawa wa macho ni yenu. Yasipofaulu, anaipa chumvi nyingine, na ninyi mnarudi kwa wachuuzi wanaomimina jasho lenu kwenye viroba visivyo na jina. Amoni, mwenye karakana, amenipa mashine yake na karatasi. Amesema nikiharibu nitarudi kukata maboksi ya sabuni, na nisimwonyeshe tena mchoro.

Nilisoma chuoni miaka mitatu namna ya kufungasha vitu vya watu nisiowajua. Hii ndiyo mara ya kwanza nafungasha kitu ambacho harufu yake ilikuwa kwenye blanketi langu la utotoni. Ninaogopa, Shangazi. Nakuandikia wewe tu.

Mwanao,
Fides


Ivuna, 19 Mei 2025

Fides mwanangu,

Marahaba. Abiria wako watatu wamefika. Yonathani anasema hawakutapika njiani, ni nafuu kuliko anaowabeba siku zote.

La kwanza nilimpa Judith avute, kwa sababu Judith ndiye asiyeamini kitu. Alivuta, boksi likafunguka kama kinywa cha mtoto aliyeona uji. Judith akanyamaza. Wewe unamjua Judith, kunyamaza kwake ni muujiza wa kuandikwa kwenye kitabu cha kanisa. La pili wakagombania wengine. La tatu nimelificha chini ya kitanda, la sivyo yangebaki makombo ya karatasi.

Kikundi kimekubali. Tuko wanawake kumi na wawili, majiko yote yanawaka, na jua limeanza kutuhurumia. Pakiti tutazifunga kwa ile mashine ya moto, dawa ya madini joto ipo ya kutosha. Chumvi itakuwa tayari.

Nina swali moja. Umejaribu kuweka boksi juu ya boksi, juu ya boksi, yakiwa yamejaa? Barabara ya huku unaijua. Mvua imeikata mahali pengi na Fuso linacheza ngoma hadi Kamsamba. Ninyi wa chuoni mnapima. Sisi tunapanga, tena tunapanga hadi darini.

Na usiogope. Uliogopa pia siku ya kwanza kwenda sekondari, ukarudi na kikombe cha hisabati.

Shangazi yako,
Dina Siame


Tunduma, 4 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Naandika nimesimama, Yonathani anapiga honi nje.

Maboksi sitini hayo, yamelazwa bapa, yamefungwa mafungu sita. Haya yamekatwa kwa mashine, ni nadhifu kuliko yale ya mkono wangu. Yakunjeni kama yale ya mfano, yajazeni, yafungeni juu kwa gundi ya karatasi. Mkimaliza, Yonathani ayashushe moja kwa moja stoo kwa Mercy, asiyalaze kwingine.

Swali lako la kupanga nitalijibu nikipata nafasi. Sijalala vizuri wiki hii. Kila nikifumba macho naona shelfu.

Fides


Ivuna, 12 Juni 2025

Mwanangu Fides,

Maboksi yamejaa, na barua hii naiweka ndani ya mojawapo, juu ya pakiti, ili ikufikie ikiwa kavu.

Nilitaka kunyamaza, lakini mimi na wewe hatufichani. Maboksi yalikuja na kasoro. Yote sitini yana vitundu kiunoni, mbele na ubavuni, mstari mzima, kama yamepitiwa na panya mwenye rula. Judith alipoyaona akasema, "Mama mwenyekiti, mtoto wako kaletewa bidhaa ya mafungu, ile iliyokataliwa." Nikamwambia kosa ni la mashine ya Amoni, wewe huhusiki. Jina lako hapa ni safi kama sahani ya Krismasi.

Tulijaza moja ili tulione. Tukaweka la pili juu yake. Tulipoweka la tatu, la chini lilipiga magoti pale pale penye vitundu. Tena umande wa huku unapita hata kwenye tundu la sindano, na chumvi haijawahi kukataa maji.

Basi hatukulia. Tulitoa shazia, sindano zetu za magunia. Siku mbili, sote kumi na wawili, tumekaa barazani tukiyashona, kila boksi kwa uzi wa gunia, mshono wetu ule ule wa siku zote, tundu kwa tundu. Vitundu vya Amoni vimetusaidia hapo angalau, sindano ilipita bila kusukumwa. Tumeyajaza, tumeyapanga sita kwenda juu, nikampandisha Judith juu yake. Hayakuinama. Na Judith si mwepesi.

Amoni usimgombeze sana. Kila fundi ana siku yake mbaya.

Nenda ukasimame mbele ya shelfu yako.

Shangazi Dina


Tunduma, Jumatatu, 16 Juni 2025

Shangazi,

Nimepiga simu mara sita. Hupatikani. Naandika.

Vile vitundu havikuwa kasoro. Ndiyo kazi yenyewe. Mwezi mzima wa maisha yangu umo kwenye vitundu vile. Kwenye boksi la mfano nilikwaruza wembe, kwenye la mashine gurudumu lenye meno linatoboa, ili karatasi ichanike pale na si kwingine. Mmekaa kumi na wawili, siku mbili, mkiishona milango ya nyumba niliyoijenga.

Nikueleze ilivyokuwa. Mercy aliwaita wasichana wake wote waje waone. Amoni alikuja amevaa shati la kanisani. Nikasimama mbele yao nikasema, "Linafunguka kwa mkono mmoja." Mercy akavuta. Halikufunguka. Akavuta kwa mikono miwili. Akaweka goti. Mteja mmoja wa Nakonde akasema kwa sauti pale mlangoni, akisalimia kwa Kibemba, "Mulishani, dada, unapigana na ng'ombe?" Watu wakacheka. Mercy hakucheka. Alichukua kisu.

Pakiti tatu zilichanika. Chumvi ilimwagika mpaka kwenye viatu vya Amoni. Barua yako ilitoka pamoja nayo, imekatwa pembeni. Niliisoma pale pale, nimesimama kwenye chumvi yenu, watu wakinitazama.

Mercy alisema, "Mdogo wangu, Jumamosi ya tarehe ishirini na nane nataka stoo yangu iwe wazi. Mpaka hapo yatakaa." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Nilirudi na Amoni. Tulipofika karakana alinionyesha kwa kidole rundo la maboksi ya sabuni.

Kwa nini hamkuniuliza? Kichuguu kipo. Mnaona kitu msichokijua, mnakiita kasoro, mnakitibu. Najua mlifanya kwa mapenzi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana hata hasira yangu haina pa kukaa.

Fides


Ivuna, Alhamisi, 19 Juni 2025

Fides,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa peke yangu pale kwenye jiko la mwisho. Wanawake sikuwasomea. Wataendelea kukupenda kwa wiki hii, mimi nitabeba.

Uliuliza kwa nini hatukukuuliza. Na mimi nilikuuliza Mei, boksi juu ya boksi. Ulijibu kwamba utanijibu. Hukusema kuna vitundu vinakuja, wala hukusema ni vya nini, kwa sababu kwako vilikuwa wazi kama jua. Haya. Hapo tumetoka sare.

Sasa na mimi nikuambie lililo wazi kwangu kama jua, ambalo sikuliandika kwa kuwa sikudhani binti wa nyumba hii anaweza kulisahau.

Fides, ulivuta karatasi. Kwa nini hukuvuta uzi?

Ulikua ukiona magunia ya chumvi yakishonwa hapa. Mshono wetu ni wa vitanzi, kitanzi kinaingia kwenye kitanzi, kila kimoja kinamshika mwenzake mkono, na cha mwisho tu ndicho kinachofungwa fundo. Gunia linakwenda hadi Sumbawanga halimwagi punje. Likifika, mwenye gunia anakata lile fundo kwa meno, anavuta, na uzi wote unatoka mara moja, *prrrr*, kama nyoka aliyeitwa kwao. Ulikuwa na miaka minne, ulikuwa unalia usipopewa wewe uvute. Hakuna mwanamke wa Ivuna anayeshona kitu kisichofunguka. Tungekuwa tunakula nini?

Fundo liko upande wa kushoto, chini ya kifuniko. Limebaki na mkia mrefu kama kidole. Nenda.

Na hilo boksi mlilolikata kwa kisu, liangalie pia kitako chake. Fuso lilikwama mara mbili safari hii, Yonathani ameniambia, na maboksi yalikuwa sita kwenda juu. Mangapi yalifika yamepiga magoti? Mimi sijui. Wewe ndiye unayepima.

Hasira yako ilete huku, kuna pa kuiweka. Jiko linahitaji kuni.

Shangazi yako, hajaacha kuwa,
Dina


Tunduma, Jumanne, 24 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nasema shikamoo kwa magoti.

Yonathani alinipa barua yako jana asubuhi pale stendi ya malori. Niliisoma nikitembea, halafu nikaanza kukimbia. Bodaboda mmoja akanifuata, "Sister, unakimbia na nauli yangu?" Sikuwa hata nimepanda pikipiki yake.

Stoo ya Mercy ilikuwa imefungwa, nikamsubiri. Alipofika nikamwambia, "Dada, niazime boksi moja, dakika moja, nikishindwa nayatoa leo hii, sisubiri Jumamosi." Akasema, "Kisu sikupi." Nikamwambia sikitaki.

Nililitazama lile boksi kama sijawahi kuliona. Mkia wa uzi ulikuwepo, kushoto, chini ya kifuniko. Jumatatu ile ulikuwepo pia, na kidole changu kiliugusa, nikausukuma ndani ili usionekane, kwa sababu niliuonea aibu. Nalikubali hilo kwako, si kwa mwingine.

Fundo nililikata kwa meno. Nikavuta.

Shangazi, ile sauti. Nilikuwa nimeisahau kabisa, na mkono wangu haukuwa umeisahau. Uzi ulikimbia mbele, ukakata kona, ukamaliza ubavu, ukaning'inia mkononi mwangu mzima bila fundo hata moja. Nyuma yake vile vitundu vyangu vikabaki wazi. Nikashika kifuniko kwa vidole viwili. Uso wa mbele ulitoka kama ganda la karanga. Trei ikasimama, pakiti ishirini na nne zikimtazama Mercy.

Aliizunguka trei. Kisha akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Nipe mimi." Akavuta la tatu mwenyewe, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akawaita wasichana, na wasichana wakaanza kugombana nani avute la nne. Ilibidi niwazuie wasifungue stoo nzima.

Halafu nikafanya ulichoniambia. Nilikagua yote, moja baada ya moja, hadi yale yaliyokuwa chini kabisa. Hakuna hata moja lililopiga magoti. Mchana nikarudi karakana. Yalikuwa yamebaki maboksi manne ya mashine ambayo hayakushonwa. Niliyajaza mchanga wa uzito uleule na kuyapanga. Lilipofika la tatu, la chini likainama, taratibu, pale pale penye vitundu, kama ulivyoandika. Amoni alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Kwa hiyo bila wale mama, tungeshusha chumvi kwa koleo."

Nakujibu sasa swali lako la Mei. Hapana, sikuwa nimejaribu. Nililipima boksi moja, peke yake, juu ya meza safi, na likanipendeza. Sikulipima likiwa na wenzake mgongoni. Nafikiri hata mimi mwenyewe nimeishi hivyo tangu nilipotoka huko.

Mercy anatoa shelfu. Usawa wa macho, mwezi mmoja wa majaribio, kuanzia Jumatatu ijayo. Ana masharti mawili. Uzi uwe mwekundu ili macho yauone, na pembeni kuwe na mchoro wa mkono unaovuta. La kwanza ni wazo la Amoni, ila Mercy anasema ni lake, na Amoni amemwachia. Rundo la sabuni amempa mtu mwingine.

Nataka kuja. Mshono ule nimejaribu kuuiga usiku wa jana kutoka kwenye boksi lililobaki, nikafungua, nikashona, ukakwama katikati kila mara. Hauandikiki. Niambie kama kuna nafasi barazani, hata karibu na Judith.

Nisamehe maneno ya tarehe kumi na sita. Ulipoyabeba peke yako ulinishona mimi pia.

Mwanao,
Fides


Ivuna, Jumapili, 3 Agosti 2025

Fides mwanangu,

Tangu uondoke baraza ni kubwa mno. Judith amekaa mahali pako, anasema ni ili pasipoe, lakini namwona anavyokagua kama umeacha shazia. Vidole vyako vimepona? Siku tano za kujifunza mshono na matone ya damu ishirini na moja, yeye alihesabu. Na ile siku ya nne uzi wako ulipotoka wote, *prrrr*, kutoka mwanzo hadi mwisho, ukatupa shazia juu na ikaangukia kwenye uji wake. Bado anaisimulia. Kila akisimulia uji unaongezeka.

Yonathani ameleta salamu za Mercy. Mwezi umekwisha na hakututoa. Anataka maboksi mia moja na ishirini kabla ya Septemba, na dada yake wa Nakonde anaomba arobaini, lakini yeye anataka mkono uchorwe mkubwa zaidi, maana wateja wake wanavuta pasipovutwa. Hilo liko juu yako.

Tumepata wanawake wengine watatu kwenye ushonaji. Mmoja ni mama mkwe wa mchuuzi wa viroba. Nilimuuliza kama mkwewe anajua. Akasema, "Anajua chumvi imeadimika, hajajua ni kwa nini."

Juzi nilitoa lile boksi lako la tatu, la wembe, lililokuwa chini ya kitanda. Nikalitazama na hili jipya lenye uzi mwekundu. La kwanza ni zuri, Fides, lile ni zuri sana, ila lilikuwa linajiangalia lenyewe. Hili jipya linaangalia barabara. Yote mawili nimeyaacha mezani. Mgeni akija nitamwambia haya ni ya mwanangu, na mshono ni wetu.

Bahasha zimekwisha dukani, na kichuguu sipandi kwa habari tamu kama hizi. Kwa hiyo nimeikunja karatasi mara tatu na kuishona kingo zote kwa uzi mwekundu, fundo kushoto. Kama umefika mstari huu na karatasi haijachanika, basi mkono wako umeshajua.

Shangazi yako,
Dina